Sanduku la diski za marehemu baba na boksi jipya la TV: filamu zitapita njia gani?

*"Habari yako mwalimu. Niko Walukuba, Jinja. Marehemu baba alituachia sanduku la chuma lenye diski zaidi ya mia mbili: DVD halisi alizokuwa akiletewa na mjomba kutoka London, VCD za zamani, filamu zilizotafsiriwa na maVJ kwa Kiganda, na diski mbili za harusi ya dada yangu ya mwaka 2006. Deki yetu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Mwanangu amenunua boksi la Android pamoja na kisomaji cha DVD cha kuchomeka kwa USB, lakini tukikichomeka kwenye boksi, diski inazunguka kidogo kisha inasimama. Jirani anasema kustrimu kutamaliza MB zetu zote. Fundi anasema nitupe diski kwa kuwa siku hizi kila filamu iko mtandaoni. Muuza boksi aliahidi picha zitakuwa HD. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?"*

Dada yangu, kwanza poleni kwa kuondokewa na mzee. Naona shida yako si filamu tu. Una vitu alivyovikusanya baba yako kwa miaka mingi, chombo cha kuvifungua kimekufa, na kila mtu anayepita mlangoni anakupa jibu lake.

Hao watu watatu hawajakudanganya kwa makusudi, lakini hakuna hata mmoja aliyekupa ukweli mzima. Boksi la TV halichezi diski, linacheza faili. Kazi yako ni kutoa filamu kwenye diski na kuzigeuza faili, na kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta, mbali kabisa na boksi. Ila kabla hujafikiria boksi hata kidogo, kuna diski humo sandukuni ambazo huenda hazina nakala nyingine popote duniani. Hizo ndizo za kuanza nazo, na nitakueleza ni zipi.

Nianze na kisomaji, kwa sababu mwanao asije akadhani amenunua kibovu. Mlango wa USB 2.0, ambao ndio ulioko kwenye maboksi mengi, umepangiwa kutoa umeme wa miliampia 500. Kisomaji cha DVD kina mota na leza, na mota inapoanza kuizungusha diski inadai umeme zaidi ya hapo. Diski inageuka mara chache, umeme unapungua, chombo kinajizima. Ndicho mnachokiona. Hata ukinunua waya wenye vichwa viwili ukamaliza tatizo la umeme, utakutana na ukuta wa pili: Android ilitengenezwa kwa ajili ya simu, na mfumo wake haukuandaliwa kusoma diski za aina hii. Hata Kodi, programu ambayo kwenye kompyuta inafungua DVD bila shida, ikiwekwa kwenye Android haina uwezo huo. Kwa hiyo msihangaike tena upande huo, na kisomaji msikirudishe dukani. Kichomekeni kwenye laptopu, mtakihitaji sana.

Sasa hofu ya jirani. MB zinaliwa pale filamu inapotoka nje ya nyumba yako, kwenye seva za kampuni fulani, ikapita kwenye mtandao wa simu mpaka kwako. Filamu ikiwa tayari iko ndani, kwenye hadi diski (hard disk) iliyochomekwa kwenye boksi au kwenye laptopu iliyo chumba cha pili, haipiti kwa MTN wala Airtel. Kutoa chakula jikoni kukipeleka sebuleni hakuhitaji kulipa boda. Ruta isiyo na bando hata shilingi moja bado inaunganisha laptopu na boksi, maana waifai ni njia ya ndani ya nyumba, na intaneti ni kitu kingine kinachopita juu yake. Jirani yako ana haki kidogo katika jambo moja: kile kitendo cha kurusha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV mara nyingi kinahitaji intaneti ili kianze, hata kama video yenyewe iko kwenye simu. Kwa nyumba inayohesabu MB, njia hiyo siipendekezi.

Kuhusu HD, hesabu inajieleza. DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio unaotumika Uganda na Uingereza, ina vitone 720 kwa 576, yaani kama laki nne na elfu kumi na nne. Picha ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, mara tano ya DVD. VCD ina 352 kwa 288, kama laki moja tu. Boksi linaweza kuitanua picha ijaze kioo na kulainisha kingo zake, na baadhi ya maboksi hufanya hivyo vizuri, lakini haliwezi kuleta vitone ambavyo havikurekodiwa. Tarajia DVD nzuri ionekane safi ukikaa umbali wa kawaida. VCD tarajia ionekane kama VCD. Mkikaa nyuma kidogo, mnaburudika kama zamani.

Na sasa fundi, ambaye ndiye aliyenisumbua zaidi. Si kweli kwamba kila filamu iko mtandaoni. Filamu kubwa za Marekani, ndiyo, nyingi unaweza kuzikodi au kuzipata kwa malipo ya mwezi, ingawa huduma hizo huziondoa filamu zinapotaka, na orodha ya Uganda mara nyingi si sawa na ya Uingereza. Lakini chukua hizo za VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti yake. Sauti ya VJ haikuwekwa kama lugha ya pili unayoweza kuichagua kwenye menyu. Ilichanganywa moja kwa moja na sauti ya filamu, na nakala zikachomwa mitaani na kuuzwa. Filamu yenyewe itapatikana popote. Ile tafsiri ya siku ile, na utani wa siku ile, na yale majina ya mitaa ya Kampala aliyoyaingiza katikati ya mapigano, hiyo inaweza kuwa imebaki kwenye diski hiyo moja ya baba yako. Nyingi ya hizo zilitengenezwa bila ruhusa ya wenye filamu, hilo lazima lisemwe, na ndiyo sababu nyingine hutaziona kwenye huduma yoyote rasmi. Harusi ya dada yako nayo haiko mtandaoni. Usitupe chochote.

Basi panga sanduku hivi. Geuza kila diski uangalie upande usio na maandishi. Diski iliyotoka kiwandani ina rangi ya fedha: picha zake ni vishimo vidogo vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini, na ikitunzwa inadumu sana. Diski iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina rangi ya zambarau, ya bluu au ya kijani kidogo. Hiyo haina vishimo. Ina rangi ya kikemikali ambayo leza iliiunguza kidogo ili kuandika. Rangi hiyo inachakaa kwa jua, kwa joto na kwa unyevu, hata kama diski haina mkwaruzo hata mmoja. Sanduku la chuma chini ya bati, karibu na ziwa, ni mahali pagumu kwa diski za namna hiyo. Harusi ya 2006 karibu kwa hakika ni diski ya kuchomwa, na hizo za VJ vilevile. Kwa hiyo utaratibu ni huu: harusi kwanza, wiki hii ikiwezekana, kisha za VJ, kisha VCD, na zile DVD nzuri za London, ambazo huenda ndizo ulizofikiria kuanza nazo kwa sababu zinang'aa, ziwe za mwisho.

Kusafisha: kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji kidogo, na futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzunguka, kwa sababu data imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata njia hiyo unafuta kipande kirefu kwa mkupuo. Dawa ya meno watu wanayoisifia ni mchanga laini. Kwenye DVD halisi unaweza kuponea, kwenye diski ya harusi usijaribu. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye DVD data imelala katikati, kati ya tabaka mbili za plastiki, lakini kwenye VCD iko juu kabisa, chini tu ya karatasi au rangi ya jina. VCD iliyokwaruzwa upande wa picha imepoteza data yenyewe, na hakuna cha kung'arisha. Ukikuta stika imebanduka nusu, usiivute.

Kunakili sasa. Kwa harusi na za VJ, ambazo kwa kawaida hazina kufuli, huhitaji programu yoyote ya ajabu. Fungua diski kwenye laptopu. Ukiona folda inayoitwa VIDEO_TS, nakili folda nzima kama ilivyo, pamoja na vile vifaili vidogo, maana ndivyo vinavyobeba menyu na mpangilio. Ukiona faili za AVI au MP4, kwa kuwa diski nyingi za VJ zina filamu kadhaa kwa pamoja, zinakili tu. Kwenye VCD filamu iko ndani ya folda MPEGAV, katika faili inayoishia na .DAT, na programu ya kuchezea video iitwayo VLC inaifungua. Filamu ndefu huwa kwenye VCD mbili, kwa hiyo zipe majina yanayofuatana. Laptopu ikisimama katikati ya kunakili na kulalamika kwamba haisomi, usiilazimishe mara ishirini. Iweke diski hiyo kando, nitaieleza mwishoni.

DVD halisi ni habari nyingine, zina kufuli la siri lililowekwa na watengenezaji. Ukinakili folda kwa mkono utapata faili zenye picha zilizovurugika kwa rangi za kijani na waridi. Programu ya MakeMKV inasoma diski hizo na kutoa faili moja ya MKV kwa kila filamu, bila kupunguza ubora, pamoja na manukuu na sauti zote. Menyu tu ndiyo inayopotea. Kisheria, Sheria ya Haki Miliki ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua matumizi binafsi, lakini kuhusu kufungua kufuli lenyewe nchi hazilingani. Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria ya kulikataza mwaka 1998. Msimamo wangu ni huu: nakala ya diski uliyo nayo mkononi, ya kutazama nyumbani kwako, ni jambo ambalo dhamiri yangu inalikubali. Kumjazia jirani flashi, kuuza, au kupandisha mtandaoni, hapana.

Mkiwa kwenye hizo za London mtakutana na swali la ukanda. Dunia ya DVD iligawanywa kwa namba: Uingereza ni ukanda wa 2, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ni ukanda wa 5. Laptopu inaweza kuwauliza kama mbadilishe ukanda wa kisomaji. Msibonyeze ovyo. Kisomaji kinaruhusu mabadiliko matano tu maishani mwake, na la tano linabaki hapo daima. Kwa kuwa diski zenu nyingi za dukani zilitoka London, kiwekeni ukanda wa 2 mara moja na mkiache hivyo. Diski za kuchomwa na VCD hazina habari ya ukanda, zitasomeka tu.

Nafasi ya kuhifadhi: DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5, na VCD moja haifiki hata GB moja. Kwa diski zenu mia mbili na kitu zilizochanganyika, hadi diski ya TB 2 inatosha na kubaki. Unaweza kusikia watu wakikushauri uzibane filamu kwa HandBrake, zishuke mpaka GB moja na nusu au chini. Programu ni nzuri, lakini kwenye laptopu ya kawaida kila filamu inaweza kula muda mrefu wa umeme, na kila ubanaji unapoteza kidogo cha picha. Kama nafasi ipo, acha zilivyo. Harusi usiibane kamwe.

Hadi diski mpya au flashi ikikataa filamu moja na kusema faili ni kubwa mno wakati nafasi tele ipo, ujue imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayozidi GB 4. Ipangeni upya kwa exFAT au NTFS, ule ambao boksi lenu linaukubali. Jaribuni na faili moja kwanza, kabla ya kujaza, kwa sababu kupanga upya kunafuta kila kitu.

Kutazama ndiyo sehemu rahisi. Chomeka hadi diski kwenye boksi, fungua kwa VLC au Kodi badala ya kichezeo kilichokuja na boksi. Picha za DVD zimeandikwa kwa mtindo uitwao MPEG-2 na sauti yake mara nyingi kwa ule wa Dolby, na vichezeo vingi vya kawaida haviijui moja kati ya hizo, ndiyo maana watu hulalamika "picha ipo, sauti hakuna". VLC na Kodi zinazitafsiri zenyewe. Ukiona kingo za vitu vinavyokimbia zina meno kama kitana, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuondoa mistari ya picha za zamani za TV (deinterlace), uiwashe. Kumbuka tu lile suala la umeme wa USB: hadi diski yenye sahani inayozunguka inaweza nayo kuzidi nguvu ya boksi. Ikianza kulia tiki-tiki na kupotea, iondoe mara moja, utumie yenye waya wake wa umeme, au aina ya SSD isiyo na sahani inayozunguka, au flashi kubwa ya filamu za wiki hiyo.

Kuna njia ya kifahari zaidi: laptopu au kompyuta ya zamani inabaki imewashwa, inaendesha Jellyfin, programu ya bure, na filamu zote zinaonekana kwenye TV zikiwa na picha za majalada, kila chumba kinatazama chake. DVD haizidi megabiti kama kumi kwa sekunde, kwa hiyo hata waya wa kawaida wa mtandao unaibeba mara kumi, na waifai nzuri pia. Ni njia nzuri kweli, nami naipenda, lakini inataka kompyuta iliyowashwa muda wote, na kwenu umeme unakatika na kurudi kwa hasira. Kwa familia yenye TV moja, hadi diski kwenye boksi inatosha. Na kama mtakuwa mnatazama mara moja moja tu, deki mpya yenye mlango wa HDMI itazicheza zile DVD za London bila kazi yote hii, mradi muulize dukani kama inasoma kila ukanda. Deki haitaokoa harusi, lakini kwa kutazama tu ni jibu halali kabisa.

Neno moja kuhusu boksi lenyewe. Kama lilikuja limejazwa programu za kutazama kila kitu bure, tahadhari. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu maboksi ya bei nafuu yanayouzwa yakiwa tayari yamewekewa virusi kutoka huko yalikotengenezwa. Likatieni waifai, mlitumie kwa hadi diski peke yake. Kwa mahitaji yenu hampotezi chochote.

Sasa zile diski zilizokataa. Yenye ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati usiichomeke kabisa, kwa sababu kwenye mwendo mkali inaweza kupasuka ndani ya kisomaji. Ya harusi ikionekana tupu kabisa wakati upande wa chini unaona kabisa imeandikwa, huenda mpiga video hakuifunga, yaani hakuikamilisha, baada ya kurekodi. Mtafuteni huyo mpiga video au mwenzake mwenye kirekodi cha aina ileile, kwani mara nyingi ndicho kinachoweza kuimalizia. Inayosoma nusu na kukwama ijaribuni kwenye kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa, hasa vile vikubwa vya kompyuta za mezani, maana leza hazilingani nguvu. Hapo ndipo pa kumlipa fundi, wa Jinja au wa Kampala, anayejua kutoa nakala nzima ya diski kwa programu ya uokoaji kama ddrescue, ambayo inasoma kwanza palipo pazima na kurudi kwenye pabovu baadaye. Muulize hilo kabla hujamkabidhi chochote. Akisema atang'arisha kwa mashine kwanza, ondoka na diski yako. Nenda na hadi diski yako mwenyewe, kaa hapo mpaka amalize, na usiiache diski ilale dukani.

Harusi ikishatoka, weka nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa dada yako mwenyewe, nyumba tofauti. Nakilini mkitumia laptopu yenye betri nzima, umeme usije ukakatika katikati ya kuandika. Diski zenyewe zihamisheni kutoka kwenye lile sanduku la chuma, zisimame wima kwenye mifuko yake, kabatini, mbali na dirisha.